Mtihani wa Uzazi ni wa Wawili



Shukrani zote njema anazistahiki Allah, Mola wa walimwengu wote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu wasomaji wa ukurasa huu wa familia, haya ninayoyaandika yanahusu nyumba yangu, na mwenye haki ya kwanza ya kuyazuia ni mke wangu. Ameyasoma kabla yenu. Amefuta sentensi mbili, ameongeza moja, kisha akanirudishia karatasi na kusema: "Peleka. Huenda yuko mwenzangu anayelia peke yake."

Nimekuwa katibu wa kamati ya msikiti wetu hapa Ngamiani, Tanga, kwa miaka kadhaa. Kazi ya katibu haina fahari kubwa. Huandika mihtasari ya vikao, hutunza daftari la michango, huorodhesha majina ya wanaooana na mashahidi wao. Na mume na mke wanapohitilafiana hadi shauri likafika kwa imamu na wazee, katibu hukaa pembeni na kalamu yake. Katika daftari la mashauri hayo, kwenye ukurasa mmoja wa mwaka 2019, upo mstari wenye mwandiko wangu. Mume alitaka kumwacha mkewe baada ya miaka mitano ya ndoa. Kwenye nafasi ya sababu niliandika maneno mawili: Mke hazai.

Kikao kile hakikuchukua muda. Mume alieleza, wazee wakanasihi, mke akainamisha kichwa asiseme neno. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyethibitisha kuwa mke hazai, kwa kipimo gani na lini. Nami sikuuliza. Wakati huo nilikuwa na miezi mitatu tu ya ndoa, na mashauri ya namna ile niliyaona kuwa ni ya watu wengine. Niliandika, nikapiga mstari kwa rula, nikafunga daftari, nikaenda nyumbani kula.

Mke wangu anasomesha madrasa ya wasichana nyakati za alasiri. Watoto wanampenda, na wakati mwingine humfuata hadi mlangoni kwetu wakigombania kumbebea mkoba. Katika mwaka wetu wa kwanza aliniuliza swali la fiqhi. Hedhi yake ilikuwa imekaa miezi mitatu bila kuja, kisha ikaja na kudumu siku 20. Afanyeje na sala zake?

Chuoni tulisoma mlango wa hedhi, nifasi na istihadha kwa wiki kadhaa, nami nilifaulu vizuri. Nilijua kuwa katika madhehebu ya Imamu Shafi uchache wa hedhi ni usiku na mchana mmoja, wingi wake ni siku 15, na damu inayovuka hapo ni ya istihadha. Basi nilimjibu kama mwanachuoni: ahesabu siku zake, ajitwaharishe, atawadhe kwa kila sala ya faradhi. Jibu lilikuwa na asili yake vitabuni. Nililitoa nikiwa na usingizi, kisha nikageukia upande wa pili wa kitanda.

Sikujiuliza kwa nini damu ile inapotea miezi mitatu na kurudi kwa siku 20. Nimekuja kukumbuka baadaye kuwa Bibi Fatima bint Abi Hubaysh alipomwendea Mtume (s.a.w.) na tatizo la damu isiyokatika, Mtume hakumpa hukumu ya sala peke yake. Alimfahamisha pia kuwa damu ile inatokana na mshipa na wala si hedhi; yaani alimwonesha kuwa jambo lake lina chanzo ndani ya mwili. Mimi niliichukua hukumu nikakiacha chanzo. Swali lile lilikuwa dalili ya ugonjwa, nalo lilikaa nyumbani mwetu karibu miaka minne likiitwa swali la fiqhi.

Mwaka wa pili ulipoisha, maneno yakaanza. Huku kwetu mwanamke asiyeshika mimba hupewa sababu nyingi kabla hajapewa kipimo hata kimoja. Shangazi alisema ni chango, akaleta mizizi ya kuchemsha. Jirani alisema ni jini mahaba, akatutajia bwana mmoja wa kusoma. Kisomo hatukukikataa, kwani Qur'ani ni ponyo na rehema kwa waumini. Lakini bwana yule alitaka jogoo, uvumba na shilingi 300,000, tukaaga tukaondoka. Mke wangu alikunywa mizizi ile kwa muda mrefu. Ilikuwa michungu, naye alikuwa akifumba macho anapokunywa, na mimi nilikuwa nikimwambia, "Kunywa, ndiyo dawa."

Katika mwaka wa nne alikwenda hospitali peke yake. Siku hiyo nilikuwa na kikao cha ukarabati wa paa la msikiti. Niliporudi nilimkuta ameketi kwenye mkeka, hajavua baibui, karatasi mkononi. Alikuwa amepimwa damu na kufanyiwa ultrasaundi, na daktari wa kike alikuwa amemweleza kwa upole. Lakini katika maelezo yote yale yeye alibakiwa na neno moja tu kichwani, nalo ni "vifuko". Alidhani ana uvimbe wa kukatwa, na kwamba ukishakatwa hatazaa kamwe.

Usiku ule ndipo aliponieleza jambo alilonificha tangu tuoane: kwamba kila siku huamka kabla ya adhana ya Alfajiri ili anyoe nywele za kidevuni nisije nikaziona. Nilikuwa nikimsikia akiamka. Nilidhani ni tahajudi tu.

Nieleze kwa ufupi hali yenyewe, kwa kuwa naamini zipo nyumba nyingi zinazoishi nayo bila kuijua jina. Madaktari huiita kwa herufi nne, PCOS, nasi kwa Kiswahili twaweza kusema ni hali ya ovari kuwa na vifuko vingi. Jina hilo hupotosha, kwa kuwa vifuko hivyo si uvimbe. Ovari za kila mwanamke zina vijifuko vidogo vilivyobeba mayai machanga, na kwa kawaida kila mwezi kimojawapo hukua hadi yai likapevuka na kutoka. Katika hali hii homoni huvurugika. Zile homoni za kiume, ambazo kila mwanamke anazo kwa kiasi kidogo, huzidi, na mara nyingi insulini nayo hupanda. Vijifuko huanza kukua kisha husimama njiani. Yai halitoki, au hutoka kwa nadra. Hapo ndipo hedhi inapokosa mpango, nywele zinapoota kidevuni, chunusi zinapodumu na uzito unapopanda kwa wepesi na kushuka kwa shida. Si kila mwenye hali hii hupata dalili zote, na wapo wembamba wanayo.

Si maradhi ya laana wala si mapya. Madaktari wawili wa Chicago, Stein na Leventhal, waliyaeleza mwaka 1935. Tangu mwaka 2003 madaktari wengi hufuata kanuni ya dalili 2 kati ya 3: hedhi isiyo na mpango, alama za kuzidi kwa homoni za kiume, na ovari zinazoonekana kwenye ultrasaundi kuwa na vijifuko vingi. Hukadiriwa kuwa takriban mwanamke 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa anayo hali hii, na Shirika la Afya Duniani linasema kuwa hadi asilimia 70 ya walio nayo hawajapimwa wakaijua.

Na jambo ambalo mke wangu alihitaji kulisikia mara kumi ndipo likaingia moyoni ni hili: kuwa na PCOS si kuwa tasa. Wengi wenye hali hii hujaaliwa watoto, wengine bila dawa na wengine kwa msaada wa dawa. Tabu yake kubwa ni kuwa yai halitoki kwa wakati wake, na kulisaidia yai litoke ni jambo ambalo madaktari wana njia nalo.

Ningependa kuwaambia kuwa tangu usiku ule nilikuwa mume mwema. Sikuwa. Kwa kweli niliingiwa na nafuu ambayo naona haya kuiandika. Jibu lilikuwa limepatikana, na jibu halikuwa mimi. Nilimnasihi mke wangu awe na subira, nikamtajia fadhila zake, kisha nikaifanya subira ile kuwa kazi yake peke yake. Alipolia usiku nilimwambia asikate tamaa na rehema za Allah. Maneno yalikuwa ya haki, lakini niliyatumia ili anyamaze nami nilale.

Chini ya karatasi ile ya hospitali kulikuwa na mstari mmoja: mume aje apimwe. Niliikunja karatasi nikaiweka kwenye droo, juu yake nikaweka stakabadhi za mchango wa paa. Ilikaa humo miezi 11.

Katika miezi hiyo mama yangu alikuja kututembelea. Mama si mtu mbaya, na sitaki msomaji amdhanie vibaya. Alinilea kwa kuuza maandazi baada ya baba kufariki, na anampenda mkwewe. Baada ya sala ya Isha aliniita barazani.

"Mwanangu, miaka mitano sasa," alisema. "Sikwambii umwache mkeo, huyu ni mtoto wangu. Lakini dini imekupa nafasi. Muheza kuna binti, wazazi wake nawajua, watu wa dini. Nami nina umri huu, natamani nimbebe mjukuu kutoka kwako."

Nilinyamaza, na mama akauhesabu ukimya wangu kuwa ni nusu ya kukubali. Mke wangu alikuwa uani akipepeta mchele. Nilisikia ungo ukisimama. Ukakaa kimya kwa muda, kisha ukaendelea.

Ndugu zangu, ruhusa ya ndoa ya pili imetoka kwa Allah, na mimi si mtu wa kuipinga. Wapo walioitumia kwa uadilifu, wakamcha Mola wao kwa wake zao wote. Lakini nafsi yangu niliijua. Sikuwa nikitafuta mke wa pili. Nilikuwa nikitafuta njia ya kutoifungua ile droo. Na idadi ile, miaka mitano, ilikuwa ndiyo idadi niliyoiandika kwa mkono wangu katika daftari la msikiti.

Haukupita mwezi nikapangiwa darsa ya baada ya Alasiri, nisomeshe mwanzo wa Surat Maryam. Ni sura niliyoihifadhi tangu utotoni. Nilipofika kwenye dua ya Nabii Zakariyya (a.s.) ulimi ukasita. Mzee yule anamlilia Mola wake kwa sauti ya siri akitaka mtoto, na jambo la kwanza analolitaja si utasa wa mkewe. Anaanza na mwili wake mwenyewe, kudhoofika kwa mifupa yake na kuenea kwa mvi kichwani mwake. Mkewe anatajwa baadaye. Mtume wa Allah ametaja udhaifu wake kabla ya kutaja wa mwenzake, na mimi nilikuwa na karatasi droo inayotaka nifanye hivyo hivyo, nimeilalia karibu mwaka mzima.

Niliimaliza darsa, sikumbuki nilisema nini. Nyumbani nilimwambia mke wangu: "Keshokutwa nakwenda kupimwa."

Akaniangalia. "Na kikao cha kamati?"

"Watakaa bila katibu."

Hakusema neno, ila siku ile alipika wali wa nazi na samaki wa kupaka, na haikuwa Ijumaa.

Kipimo cha mume ni chepesi kuliko vya mke, na ndiyo maana aibu yangu ni kubwa zaidi. Huhitajika kukaa kati ya siku 2 na 7 bila kukutana, kisha sampuli ikatolewa kwa njia inayofaa baina ya mume na mkewe. Hakuna sindano wala mashine. Majibu yalitoka baada ya siku chache. Kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani hukihesabu kuwa cha kawaida ni mbegu milioni 16 kwa mililita moja. Changu kilikuwa milioni 9.

Daktari alinieleza kuwa kiwango hicho hakizuii mimba moja kwa moja, bali hupunguza uwezekano. Alinitaka nipunguze uzito, nilale mapema, na nirudi baada ya miezi mitatu, kwa kuwa mbegu huchukua zaidi ya miezi miwili kutengenezwa. Akaongeza kuwa wataalamu hukadiria kuwa katika karibu nusu ya ndoa zinazochelewa kupata watoto, upande wa mume una mchango wake, ama peke yake ama pamoja na wa mke.

Karibu nusu! Nikafikiria mizizi yote iliyochemshwa nyumbani kwetu. Hakuna aliyenichemshia mimi hata jani moja.

Jambo zito kuliko kupimwa lilikuwa kumwambia mama. Nilikwenda kwake siku ya Jumapili, nikaketi kwenye kigoda kama nilivyokaa nikiwa mtoto, nikamwambia: "Mama, nami nimepimwa. Nina upungufu." Nikamweleza bila kuficha. Alikuwa akichambua mchicha. Mikono yake ikaendelea na kazi, na mimi nikayangoja maneno yake kama anayengoja hukumu.

Hatimaye akasema: "Basi hata yule binti wa Muheza angekuja kulia nyumbani kwako."

Halikuzungumzwa tena. Wiki iliyofuata alikuja kwetu, akaingia moja kwa moja jikoni kwa mke wangu, wakakaa huko hadi Magharibi. Sijui walizungumza nini, nami sikuuliza.

Liko jambo lingine linaloumiza nyumba kama yetu, nalo ni jina. Katika mila zetu mwanamke akizaa huitwa mama fulani, na jina hilo huwa ni heshima yake mtaani. Mke wangu kwa miaka yote ameitwa "mke wa katibu". Katika shughuli za harusi, wenzake wa rika moja wakiitwa kwa majina ya watoto wao, yeye huinama akajishughulisha na sinia. Nilimkumbusha habari ya Mama wa Waumini, Bibi Aisha (r.a.), ambaye hakujaaliwa kuzaa. Alimlalamikia Mtume (s.a.w.) kuwa wenzake wote wana kuniya, na Mtume akamtaka ajiite kwa jina la Abdullah, mtoto wa dada yake. Akawa Ummu Abdillah. Mtume hakumwambia kuwa jambo hilo ni dogo. Aliliona jeraha lake akalitafutia dawa siku ile ile. Na mwanamke huyo asiyezaa ndiye aliyeuachia umma huu hadithi zaidi ya 2,000, tunazozisoma hadi leo watoto wa watu wote.

Mke wangu alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Ungenisimulia hii miaka minne iliyopita." Ni kweli. Niliijua miaka minne iliyopita.

Sasa nieleze tunachokifanya, kwa kuwa huenda kikamfaa mtu. Mtume (s.a.w.) ametuhimiza tujitibu, na alimwelekeza mtu yule aliyeuliza kuhusu ngamia wake amfunge kwanza kisha ategemee. Kumfunga ngamia katika jambo hili huanza na mambo ya nyumbani. Mwenye PCOS aliyeongezeka uzito, akipunguza hata asilimia 5 hadi 10 tu, huweza kuiona hedhi ikirudi kwenye mpango. Nyumbani kwetu tumepunguza ugali wa sembe, soda na vitafunwa vya kukaanga, na baada ya Alfajiri tunatembea pamoja kuelekea baharini na kurudi. Wakati mwingine daktari huandika metformini, dawa inayojulikana zaidi kwa kisukari, kusaidia upande wa insulini. Na kwa kulipevusha yai, dawa inayotangulizwa siku hizi ni letrozoli, vidonge vinavyonywewa siku chache tu mwanzoni mwa mzunguko chini ya uangalizi wa daktari. Si dawa za kununua dukani kwa kukisia wala za kuazimana na jirani.

Hata asiyetafuta mtoto kwa sasa asiidharau hali hii. Kukaa miezi mingi bila hedhi huuacha ukuta wa ndani wa mji wa mimba ukinenepa, na hilo huongeza hatari ya saratani ya mji wa mimba. Kisukari nacho huwa karibu zaidi. Basi dada, ukipitisha miezi mitatu bila hedhi na huna mimba, usijihesabu kuwa umepumzika. Nenda kapimwe.

Wengine wameniuliza kuhusu kupandikiza mimba kwa msaada wa maabara. Sisi hatujafika huko, lakini hukumu yake tumeiuliza. Sheikh Jad al-Haq wa Misri alitoa fatwa mwaka 1980, na Baraza la Fiqhi la Kiislamu lenye makao Jeddah likatoa uamuzi mwaka 1986. Muhtasari wake ni kuwa inafaa ikiwa yai ni la mke, mbegu ni ya mume wake, ndoa yao ipo hai na mimba inabebwa na mke huyo huyo, kwa tahadhari zote. Ama kuingiza yai, mbegu au tumbo la mtu wa tatu ni haramu, kwa kuwa huharibu nasaba.

Kuhusu daftari la msikiti, mihtasari iliyopitishwa haifutwi, na ule mstari wa mwaka 2019 upo pale pale. Nimeurudia mara nyingi. Sijui kama mume yule aliwahi kupimwa. Najua kuwa yule dada alirejea kwao milimani akiwa amebeba maneno mawili ambayo hakuna aliyeyathibitisha, nami ndiye niliyeyaandika. Sina njia ya kumfikia. Ikiwa gazeti hili linafika huko, dada yangu, nakuomba unisamehe. Niliandika jambo nisilokuwa na elimu nalo.

Katika kikao cha kamati cha miezi michache iliyopita nilileta pendekezo. Shauri lolote la ndoa litakaloletwa kwa sababu ya kukosa mtoto, wazee wasilisikilize hadi waulize kama wote wawili wamepimwa. Mzee mmoja alisema hayo ni mambo ya faragha, msikiti usiyaingilie. Nilimjibu kwa heshima: "Mzee wangu, faragha hiyo tulikwishaiingilia siku tulipoandika kuwa mke hazai." Kulikuwa na kimya, kisha imamu akasema liandikwe. Nikaliandika.

Tangu hapo yamekuja mashauri mawili ya namna hiyo. Katika moja, mume aliondoka kwa hasira na hakurudi. Katika lingine walikwenda hospitali pamoja. Sijapewa majibu yao wala siyahitaji.

Ndugu msomaji, ikiwa umeoa na mwaka umepita mkikutana bila kuzuia na mimba haijashika, nendeni kwa daktari. Ikiwa mke ametimiza miaka 35, msingoje zaidi ya miezi 6, na ikiwa hedhi yake haina mpango, msingoje kabisa. Nendeni wawili. Ketini kwenye benchi moja, mpimwe siku moja ikiwezekana. Nanyi jamaa na majirani, mkikutana na wanandoa kwenye harusi, tafuteni swali lingine la kuuliza. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kuwa takriban mtu 1 kati ya 6 hupitia tatizo la uzazi katika maisha yake. Katika safu moja ya sala za jamaa wamo kadhaa.

Nyumba yetu haina mtoto hadi ninapoandika haya. Kipimo changu cha pili kilikuwa milioni 14. Mke wangu yuko katika mzunguko wa tatu wa dawa, na daktari ametuambia kuwa yai limepevuka mara moja. Allah ametubainishia katika Surat Ash-Shura kuwa huwapa awatakao mabinti, huwapa awatakao wavulana, huwachanganyia awatakao, na wengine huwafanya wasizae, naye ni Mjuzi, Mweza. Hatujui tumeandikiwa fungu lipi. Hofu ipo, hasa siku hedhi inapokuja. Siku hizo mimi ndiye ninayepika, na hatusemeshani maneno mengi.

Asubuhi bado anaamka kabla ya adhana. Ila siku hizi hafungi mlango wa msalani, na taa huiwasha. Nikitoka kutawadha namkuta mbele ya kioo, wembe mkononi, naye husogea kidogo nipite.

Tunawaomba mtuweke katika dua zenu, nasi tunawaombea nyote mlio katika mtihani huu. Allah awaruzuku kizazi chema, na kabla ya hicho awaruzuku kuhurumiana.

Wabillahi tawfiq.